Dadu Haimjui Mkwe

Fundi miwani alipofungwa mchezo na mama mkwe wake kwa mara ya saba, alisema neno lile lile alilolisema mara sita zilizotangulia.

"Bahati."

Hakulisema kwa sauti. Alilisema akiwa ameinama chini ya meza kuokota mjusi wake mmoja wa plastiki aliyedondoka, ili akiulizwa aweze kudai alikuwa anakohoa. Lakini mama mkwe alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Mtu aliyekula ujana wake akisikiliza mapigo ya moyo ndani ya tumbo la mwenzake hashindwi kusikia neno moja lililosemwa chini ya meza.

"Umesemaje, mkwe?"

"Hamna kitu, mama. Nimesema hongera."

"Hongera haianzi na b."

Binti yake, ambaye ndiye mke wa fundi, alikuwa dirishani anamenya viazi. Kazi yake ilikuwa kufundisha udereva, na kazi hiyo ilimwondolea mshangao wote duniani. Hakuinua hata uso.

"Wanafunzi wangu wanaogonga nguzo," alisema, "wote husema nguzo ndiyo iliyosogea."

Mambo yalianza miezi miwili nyuma, mama mkwe alipopasuliwa goti la kulia. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa, na daktari alimkataza ngazi, basi akaletwa kwa bintiye apone huko. Mwalimu wa udereva alitoka asubuhi na kurudi alasiri. Fundi miwani alifanya kazi chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Kwa hiyo, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, walibaki wawili: yeye kwenye meza yake ya kusagia vioo, mama mkwe kwenye kiti cha mikono, mguu juu ya kigoda.

Ndoa ilikuwa na miaka saba. Katika miaka hiyo yote, mkwe na mkwe walikuwa wameheshimiana mpaka hawakujuana. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mkwe, hujambo?" "Sijambo, mama." Baada ya hapo kila mmoja alitafuta mlango. Sasa mlango haukuwepo. Wiki ya kwanza fundi aliteseka sana na kimya, hata ikafika mahali akawa anaiwasha mashine ya kusagia bila kioo ndani yake, ingurume tu, chumba kisiwe kitupu.

Siku ya tisa mama mkwe alimwona ameshika brashi nyembamba kama unywele, anampaka rangi ya kijani mjusi wa plastiki asiyezidi kidole gumba.

"Hicho kidude ni nini?"

Fundi aliona haya kama mtu aliyefumaniwa anakula sukari. Ikabidi aeleze. Ni mchezo wa mezani, mama. Unaitwa Mpira wa Majitu. Uwanja wake ni ubao wenye miraba, timu mbili, kila moja ina wachezaji tisa, na kazi ni kuubeba mpira mpaka uvuke mstari wa mwisho wa mwenzako. Ukitaka kumkumba mtu, unarusha dadu: ikija tano au sita anaanguka yeye, ikija moja unaanguka wewe, zilizobaki zinamsukuma tu nyuma. Katika zamu yako unaweza kuwachezesha wachezaji wako wote mmoja mmoja, ila mmoja wao akianguka au akiponyokwa na mpira, zamu imekwisha hapo hapo, hata kama wengine hawajainua mguu.

"Kuna timu gani?"

"Mimi nina Mijusi. Wana mbio. Nyingine ni Mazimwi, lakini hayo hayatakiwi na mtu, mama. Mazito, na vidole vyao vinene, kuokota mpira ni shida."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alisema mama mkwe, akanyoosha mkono. "Lete hapa nijuane nayo."

Akajuana nayo. Kila zimwi alilipa jina. Kubwa kuliko yote aliliita Koleo. Lile lenye kifua mbele aliliita Matroni, kwa kumbukumbu ya bosi wake mmoja aliyekuwa akitembea wodini vile vile. Na lile dogo, lenye miguu mifupi, ambalo ndilo lililokuwa likibeba mpira mara nyingi, aliliita Kichanga. Kisha akaomba daftari. Katika kazi yake walifundishwa kwamba lisiloandikwa halikufanyika, na mazoea hayana dawa: kila zamu, kila dadu, nani alisimama wapi, vyote alivinakili kwa mwandiko mdogo ulionyooka.

Walicheza mara tisa. Mama mkwe alishinda saba. Zile mbili za fundi, Kichanga alikuwa amejikwaa mwenyewe.

Basi siku ile ya Jumamosi, baada ya neno lile la chini ya meza, mama mkwe alivuta daftari, akavaa miwani aliyotengenezewa na mkwe wake huyo huyo, akalowesha kidole, akafunua kurasa.

"Umesema bahati. Haya, tuitafute. Leo umerusha dadu mara sitini na nne. Kwa haki ya dadu, moja zingekuwa kumi au kumi na moja. Wewe umepata ngapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Kumi. Na sita umepata kumi na mbili, zaidi ya fungu lako. Mimi nimerusha mara hamsini na moja, ningestahili moja nane au tisa. Nimepata kumi na moja." Alimtazama juu ya miwani. "Mwenye mkosi hapa ni mimi, mkwe. Wewe dadu inakupenda, sema huna habari."

Fundi alijikuna shingo. Lakini hakuwa mtu wa kukubali haraka, hasa jambo likiwa la kweli.

"Mama, tatizo siyo wingi. Ni wakati. Moja zako zinakuja huna shughuli. Za kwangu zinakuja nimeshika mpira mkononi."

Alitegemea kuzimwa. Badala yake mama mkwe aliweka kalamu mezani.

"Hiyo hoja ina miguu," alisema. "Tuipe nafasi itembee."

Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kupitisha kidole zamu baada ya zamu. Chumbani ikawa hakuna sauti ila ya kisu kikikwangua viazi. Hatimaye akahesabu.

"Moja zako kumi, saba zimekuulia zamu. Katika hizo saba, tano zilikuja ulipofanya jambo la kwanza kabisa. Hujapanga walinzi, hujamsogeza mtu, tayari umeshamrusha mjusi katikati ya mazimwi matatu kama mwanasarakasi. Akianguka, wenzake wanane wanabaki wameduwaa walipo. Mimi moja zangu kumi na moja zimeniharibia mara tatu tu. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu jambo la hatari nalifanya mwisho. Mzazi akiletwa wodini, huwezi kuvuta mtoto kwanza halafu ndiyo ukachemshe vyombo. Kwanza vyombo. Kwanza shuka. Kwanza taa unaiwasha uone inawaka. Vyote visivyo na shaka vikishakaa sawa, ndipo unaingia kwenye shaka. Dadu yako na yangu ni ile ile. Wewe unaipa shoka, mimi naipa kijiko."

Fundi alimgeuza mjusi wake vidoleni. Maneno yalimwingia, na kwa kuwa alikuwa fundi alitambua ukweli wake: hata yeye hakati kioo kabla ya kupima fremu. Alianza kuona zile zamu tano, moja moja, na mijusi yake iliyosimama kama watu waliokosa basi. Akacheka mwenyewe.

"Haya, mama. Hapo umenikamata."

"Bado. Kuna kitu hapa sikielewi." Mama mkwe alikuwa amekunja uso. "Zamu ya tano. Kichanga ana mpira. Mjusi wako wa mkia mwekundu yuko mraba wa jirani yake, hakuna aliyemzuia. Ukamkumba Koleo."

"Koleo ndiye aliyekuwa tishio."

"Koleo hakuwa na mpira. Zamu ya sita, Kichanga yule yule, mpira ule ule. Sasa una mijusi wawili jirani naye. Ukamkumba Matroni. Zamu ya saba..." Kidole kilisimama. "Zamu ya saba hukumkumba mtu kabisa. Ulirudi nyuma. Ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Mara sita, mkwe. Mara sita ulikuwa umesimama mbele ya mwenye mpira, na mara sita ukageuka ukaenda kugombana na jirani. Kwa nini?"

Fundi alivuta daftari, akasoma. Akasoma tena. Alitafuta sababu kama mtu anayepapasa funguo mifukoni: kushoto hamna, kulia hamna, anarudi kushoto.

"Sijui, mama," alisema, na ilikuwa kweli.

"Daktari akisema hajui, tunaita mwingine. Mwanangu! Hebu njoo."

Mwalimu wa udereva alikuja na kisu mkononi, ganda la kiazi likining'inia kwenye kidole. Akaelezwa. Aliangalia ubao, akamwangalia mumewe, akamwangalia mama yake.

"Huyu Kichanga ni wa nani?"

"Wangu. Yule mdogo."

"Aa. Basi."

"Basi nini?"

"Mama, unakumbuka siku ya kwanza nilipomleta huyu nyumbani? Ulimpikia chai."

"Nakumbuka. Alikunywa vikombe viwili, akaomba cha tatu. Nikasema, huyu kijana anakula vizuri."

"Ulitia chumvi badala ya sukari."

Mama mkwe alimgeukia mkwewe polepole, kama mlango mzito.

"Ilikuwa na chumvi?"

"Kidogo tu, mama," alisema fundi.

"Vijiko viwili kila kikombe," alisema mkewe. "Usiku ule alikunywa maji ndoo nzima. Mama, mtu huyu hawezi kumkumba Kichanga wako akakunyang'anya mpira. Angeweza kumkumba simba, si Kichanga." Akarudi kwenye viazi vyake.

Fundi alidhani watacheka. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza. Lakini mama mkwe alifunga daftari, akaweka kiganja juu yake.

"Kwa hiyo miezi miwili hii nilikuwa nacheza na nani?"

"Mama, sikufanya makusudi. Nakuapia, nilikuwa nataka kushinda. Nilikuwa nakasirika kabisa."

"Hilo ndilo baya zaidi. Anayekuachia makusudi utamgombeza, akome. Wewe nikugombeze nini?" Alitafuta fimbo yake. "Na mimi kila Jumapili nampigia dada yangu simu. Namwambia, mwenzio nimelala kitandani na goti bovu, lakini mkwe wangu namchapa hana hamu. Kumbe nilikuwa napewa peremende, kama mtoto anayeachiwa mbio na baba yake."

Akainuka, akaenda chumbani kwake. Fimbo iligonga sakafu hatua kwa hatua mpaka mlango ukafungwa, bila kishindo. Fundi aliona afadhali ungefungwa kwa kishindo.

Jumapili hakukuwa na mchezo wala simu. Jumatatu asubuhi fundi alimkuta mama mkwe kwenye kiti chake kama kawaida, mguu juu ya kigoda, anasoma karatasi ya mazoezi ya goti aliyopewa hospitali, ambayo bila shaka alishaijua kwa moyo. Daftari lilikuwa mezani, wazi. Zile mechi saba alikuwa amezikata moja moja kwa mstari wa rula, na pembeni ameandika: *haihesabiki*. Zile mbili alizofungwa alikuwa ameziacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

Wakarudi walikokuwa miaka saba yote.

Fundi alikaa kwenye meza yake, akachukua kazi ya karani mmoja asiyeona mbali, akasaga kioo cha kushoto, akakivika jicho la kulia. Akakitoa. Akasaga kingine, akakivika pale pale. Hapo akazima mashine, akakaa na mikono magotini.

Alikuwa akiikumbuka ile chai. Kwa miaka saba aliihesabu ile chai kama ushindi wake, kisa cha kuwasimulia marafiki waone alivyo na adabu. Sasa aliiangalia upya, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba kulikuwa na mtu wa pili katika kisa kile: mwanamke aliyepika chai mbaya na hakuna aliyemwambia, akakaa pale akifurahi kwamba mgeni anaipenda. Adabu ilikuwa ya nani hapo? Yeye aliogopa, basi. Aliogopa, akauvika woga wake koti la heshima, na koti likamkaa vizuri hata akasahau kwamba ni koti.

Akainuka, akaenda kusimama mbele ya kiti cha mikono.

"Mama, naomba mchezo mmoja."

"Na nani? Na mkwe wangu? Yule nimeshamchoka."

"Na mimi."

Mama mkwe alishusha karatasi. Alimtazama kwa muda, kwa yale macho ya kupima kama mzazi yuko tayari au bado.

"Sikiliza. Ukinihurumia mara moja tu, hata kwa bahati mbaya, naita teksi narudi kwangu leo hii. Na zile ngazi nitazipanda kwa makalio, moja moja, na wewe utakuwa na hatia kila ngazi."

"Nimekubali, mama."

"Panga ubao."

Walianza saa nane. Mwalimu wa udereva alirudi mapema, kwa kuwa gari lilikuwa na mbonyeo mpya ambao hakutaka kuuzungumzia, akasimama mlangoni na mkoba begani asijue aingie au asubiri nje.

Zamu tatu za kwanza zilikuwa za kupimana. Ya nne, Kichanga aliokota mpira, akaanza kuchechemea kuelekea mstarini, Koleo kulia kwake, Matroni nyuma. Fundi alivuta pumzi. Safari hii alianza na vyombo: akawasogeza walinzi wake wawili nyuma, akaziba njia ya pembeni, akampeleka mjusi wa mkia mwekundu mpaka mraba ulioshikana na Kichanga. Mambo yasiyo na shaka yakaisha. Ikabaki shaka.

Aliitikisa dadu, hakuiachia. Ilikuwa aibu, mtu mzima, mwenye fani yake, anaogopa plastiki. Mama mkwe alikuwa ameukazia macho mkono wake. Hata kupepesa hakupepesa.

"Namkumba Kichanga," alisema fundi, sauti ikamtoka nyembamba.

Akarusha. Dadu ikabingirika, ikagonga kikombe, ikasimama.

Moja.

Mjusi wa mkia mwekundu akaanguka chali, kwa nguvu zake mwenyewe, miguuni pa Kichanga ambaye hakuguswa.

Kwanza alicheka mwalimu wa udereva, mlangoni. Kisha mama mkwe, kicheko kilichoanzia tumboni, akashika goti lake lililopasuliwa, akawa analia "uwii, goti, uwii" huku anacheka. Fundi naye akashindwa kujizuia.

"Hiyo," alisema mama mkwe akijifuta machozi, "hiyo sasa ni bahati mbaya. Hiyo naiandika kwa wino mwekundu."

Lakini Kichanga hakuwa na pa kwenda, njia zilikuwa zimezibwa. Alisogea mraba mmoja tu. Zamu iliyofuata fundi alipanga watu wake tena, taratibu, akamleta mjusi mwingine, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Namkumba Kichanga." Ikaja sita. Kichanga akaanguka. Mpira ukaruka pembeni. Sheria ya mchezo inataka anayeanguka arushiwe dadu mbili kuona kama ameumia, na ikifika kumi, hachezi tena. Fundi akarusha. Sita na tano.

Fundi alimwinua Kichanga kwa vidole viwili, akamtoa uwanjani, akamlaza pembeni ya ubao. Neno "pole" lilimfika mpaka kwenye meno. Akalirudisha likiwa na miguu na mikono yake yote.

Mama mkwe aliangalia saa ya ukutani. "Saa nane na dakika arobaini na saba," alisema, akaandika. "Kichanga ametoka." Akaweka kalamu. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya msichana. "Haya, mkwe. Sasa umeingia wodini kwangu."

Yaliyofuata hayakuwa mazuri kwa mijusi. Koleo aliwaangusha wawili katika zamu moja. Matroni alimkanyaga nahodha. Mwalimu wa udereva alishaingia ndani zamani, amekaa juu ya mkono wa kiti, mkoba bado begani, anapiga kelele bila kuegemea upande. Mjusi mmoja mwembamba aliponyoka na mpira akafunga. Mazimwi yakajibu zamu mbili baadaye. Mara moja fundi alisema "ah, mama, acha!" kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia ndani ya nyumba ile mbele ya mtu huyo, na mama mkwe akamjibu "siachi!" wala hakuna aliyegundua.

Ilipofika zamu ya mwisho walikuwa sare, bao moja kwa moja. Mpira ulikuwa umelala peke yake, miraba miwili kutoka mstari wa Mijusi, na aliyekuwa karibu ni Matroni. Kwa vile vidole vyake, alihitaji sita ili kuuokota. Mama mkwe alipanga wengine wote kwanza, ingawa mechi ilikuwa inakwisha na haikusaidia kitu. Kisha akatikisa dadu ndani ya ngumi, akaiachia.

Sita.

Matroni akaokota, akatembea miraba miwili kifua mbele, akavuka mstari.

Mwalimu wa udereva alipiga makofi. Fundi aliegemea kiti, akapuliza hewa yote iliyokuwa kifuani. Amefungwa tena. Alijichunguza ndani, akitafuta lile neno lake. Halikuwepo.

Aliyelisema alikuwa mama mkwe.

"Bahati," alisema, akiandika. "Tuseme ukweli. Moja kati ya sita. Umenizidi mechi nzima, nimeokolewa na dadu."

"Hapana, mama," alisema fundi. "Umekosea."

Mkewe aligeuza shingo. Kwa miaka saba hakuwahi kusikia maneno hayo yakitoka kwenye mdomo huo kwenda upande huo.

"Nimekosea?"

"Umekosea. Zamu ya kumi ulimpeleka Matroni pale pembeni. Mpira ulikuwa huku, mbali kabisa. Nilicheka moyoni, nikasema mama kachoka. Zamu ya kumi na moja mjusi wangu akawa na mpira, nataka kuutoa. Njia fupi ilikuwa pale pembeni, nikamkuta Matroni ameziba. Ikabidi niurushe juu ya kichwa chake, mpokeaji akaukosa, ukadondoka pale ulipoukuta. Ile sita ilikuwa kitasa tu. Mlango ulishaujenga zamu mbili nyuma."

Mama mkwe alimtazama kwa mashaka.

"Unaanza tena heshima zako?"

"Ningekuwa na heshima ningekubali ulichosema. Subiri nikuonyeshe." Tayari alikuwa anawarudisha wachezaji mmoja mmoja kwenye miraba ya zamu ya kumi, kwa kichwa, bila kuangalia daftari.

"Nionyeshe kutoka hapo ulipokaa wewe," alisema mama mkwe.

Akainuka. Alishika kiti kwa mkono mmoja, fimbo kwa mkono wa pili, akakiburuta kuzunguka meza, miguu ya kiti ikilia kwenye sakafu. Fundi alikuwa ameshika Koleo anakumbuka alisimama mraba gani, hata hakuinuka kumsaidia, na mama mkwe hakungoja kusaidiwa. Akakaa ubavuni mwake, bega kwa bega, wote wawili wanautazama uwanja kutoka upande wa Mijusi.

Aliweka kidevu juu ya fimbo, akapitisha macho mraba kwa mraba.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Kutoka huku anaonekana mbaya, Matroni. Umesema kweli." Kisha akanyoosha kidole. "Lakini mbona huyu wa pembeni kushoto hukumtumia?"

"Yupi?"

"Huyu hapa. Hakuna zimwi hata moja karibu naye. Ungempasia, angetembea mpaka mstarini anapiga mluzi."

Fundi aliinama mpaka pua ikakaribia ubao. Mjusi alikuwepo kweli, mwenye mkia mweupe, amesimama peke yake kwenye uwanda mtupu tangu zamu ya nane, amesahauliwa.

"Ee, mama yangu!" alisema fundi miwani.

"Nipo hapa," alisema mama mkwe, akavuta daftari.